Galatoni ya Mjomba na Kaseti Niliyoifuta

Mjomba alilitundika gitaa lake kwenye msumari juu ya kitanda, mbali na dirisha na mbali na mikono yetu. Ilikuwa Morogoro, katikati ya miaka ya sabini. Mama yangu ni Mluguru, na kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Mjomba akisema, limesemwa. Kwa hiyo siku alipomwambia baba, "Shemeji, huyu mjomba wangu nitamfundisha gitaa," baba, ambaye alikuwa ameshaniombea nafasi kwa fundi cherehani wa sokoni, aliitikia tu na kuendelea na chai yake. Nilikuwa na miaka tisa.

Nimekuwa na gitaa kwa karibu miaka hamsini na sijawahi kulipwa hata senti kwa kulipiga. Katika miaka hiyo nimepoteza vitu viwili visivyonunulika, na nimeteketeza fedha nyingi kwa makosa ambayo ningeyaepuka kama mtu angenikalisha chini akanieleza. Ndiyo maana nakueleza wewe.

Gitaa la mjomba tuliliita galatoni. Siku hizo gitaa lolote lisilotumia umeme liliitwa hivyo, litoke popote. Jina lilitokana na Gallotone, magitaa ya bei nafuu ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini. Nilikuwa mtu mzima nilipokuja kujua kwamba John Lennon, kule Liverpool, naye alianza na Gallotone, na ndiyo aliyokuwa akiipiga siku ya mwaka 1957 alipokutana na Paul McCartney. Nilikaa na habari hiyo moyoni siku nzima. Chombo tulichokiona sisi kuwa cha watu wa Morogoro wasio na fedha kilikuwa pia mikononi mwa kijana wa Kiingereza asiye na fedha.

Mwaka wa kwanza sikuigusa. Mjomba aliniagiza kwanza nitengeneze gitaa langu mwenyewe: galoni tupu la mafuta ya kula, kipande cha ubao, na nyuzi za chuma tulizozichambua kutoka kwenye waya wa breki ya baiskeli. Zilikata vidole. Damu ilipotoka alinipaka chumvi, akasema kesho yake ngozi ingekuwa ngumu zaidi, na ikawa. Nilipofikia kushika galatoni yenyewe niliona kama nashika kitu cha hariri.

Alinifundisha kupiga kwa vidole viwili, dole gumba na cha shahada, kama alivyojifunza yeye kwa kusikiliza santuri za Mwenda Jean Bosco wa Katanga. Ukitaka kuelewa vidole viwili vinaweza kufanya nini, tafuta "Masanga", ile aliyorekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952. Utadhani ni watu wawili. Dole gumba linatembea chini kama mtu anayekwenda shamba, kidole cha shahada kinaongea juu kama mtu anayemsimulia habari njiani. Kapo, kibanio cha kubana nyuzi shingoni ili mlio upande, mjomba alikuwa nayo ya penseli: penseli moja iliyolazwa juu ya nyuzi na kukazwa kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Mpaka leo kama huna fedha ya kapo, hiyo inatosha, ila penseli iwe ya pembe sita, ile ya mviringo huteleza.

Kisha akanipa mzunguko mmoja. Kipande kifupi tu, nyuzi tatu, kinakwenda na kurudi bila kufika popote. "Piga hicho mpaka nikwambie," akasema, akaenda kukoga. Akarudi, akala, akalala usingizi wa mchana. Nilikipiga mwaka mzima. Nilimwomba anifundishe solo, zile noti za juu zinazolia mwanzoni mwa nyimbo, na kila mara jibu lilikuwa hilo hilo: piga hicho. Nilidhani ananizuia. Yeye mwenyewe Jumamosi alikuwa akipiga gitaa la kati, lile la kushikilia mwendo, kwenye bendi ndogo ya harusi, na kwa akili yangu ya kitoto niliamini kwamba hajui solo, ndiyo sababu hanipi.

Januari 1979 redio ilikuwa ya vita. Vijana wetu walikuwa Kagera, na kila taarifa ya habari tuliisikiliza kimya. Ndipo ikaja habari kwamba mwimbaji na mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe amefariki kwa ajali ya gari huko Mombasa. Alikuwa na miaka 34. Kwa Morogoro ule ulikuwa msiba wa nyumbani: ni mtu wa bendi ya Morogoro Jazz, aliyekwenda nayo hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70, kisha akaanzisha Super Volcano mwaka 1973. Mji wenyewe ulikuwa umeshamzika Salum Abdallah wa Cuban Marimba mwaka 1965, naye kwa ajali ya barabarani. Mjomba alilishusha gitaa, akalegeza nyuzi zote sita, akalirudisha kwenye msumari. Halikupigwa mpaka arobaini ilipopita.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya foleni, ya sukari kwa kibali na sabuni ya kugawana. Nyuzi za gitaa nani angeziagiza? Uzi ukikatika karibu na ufunguo tuliuunga. Zikichoka, tulizichemsha kwenye sufuria, tukazifuta na kuzianika juani. Hurudisha mlio kwa siku mbili tatu. Njia hiyo ni ya nyuzi za chuma tu, usiwachemshie watoto wako nyuzi za nailoni.

Mwaka 1989 nilipata kazi ya uhasibu Dar es Salaam. Mjomba alikuwa ameanza kukohoa.

Masika ya 1992 nilikwenda kumwona nikiwa na radio-kaseti na kaseti tupu ya dakika 60. Alikuwa amekonda lakini vidole vilikuwa vile vile. Alikaa kwenye kigoda, mimi nikabonyeza vitufe viwili pamoja, naye akapiga kiasi cha dakika 25 bila kusimama, mvua ikigonga mabati juu yetu. Ndani ya dakika hizo alipita kwenye nyimbo za Western Jazz, za Tabora, za Morogoro, za Kongo, akizifunga kila moja kwa ule mzunguko alionipa nikiwa mtoto, kama mtu anayerudi nyumbani kila baada ya safari. Mwishoni akasema, "Basi, zima." Sikuandika chochote juu ya kaseti. Niliijua kwa kuiona. Alifariki mwaka 1994, na galatoni ikaja kwangu.

Sasa nifike kwenye lile ambalo hata kuliandika naona tabu.

Jumapili moja ya mwaka 1997 redio ilianza kupiga zilipendwa, na wimbo niliokuwa nimeutafuta miaka mingi ukatangazwa kuwa unafuata. Nilikurupuka. Nilichukua kaseti iliyokuwa karibu, nikaitumbukiza, nikabonyeza kurekodi. Nilifurahi sana siku hiyo. Niliacha irekodi mpaka kipindi kilipokwisha.

Miezi miwili baadaye mama alikuja Dar kutibiwa macho. Jioni, tumeshakula, akasema, "Niwekee kaka yangu nimsikie." Nikaitafuta kaseti, nikaikuta, nikaiweka. Ikatoka sauti ya mtangazaji. Nikaigeuza upande wa pili, kimya. Nikarudi upande wa kwanza, nikaipeleka mbele, wimbo, wimbo, tangazo la sabuni, wimbo. Mikono ilianza kutetemeka. Tuliisikiliza mpaka mwisho kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguvu ya kusimama. Pale kipindi kilipoishia ikasikika mvua, sekunde chache, halafu sauti ya mjomba: "Basi, zima."

Mama alisema, "Si neno, mwanangu." Akaomba maji ya kunywa.

Kama una kaseti ya mtu wako popote ndani ya nyumba, inuka sasa hivi. Angalia ukingo wa juu, ule ulio mkabala na upande ambao utepe unaonekana. Kuna vijino viwili vya plastiki, kila kimoja ni cha upande mmoja wa kaseti. Vivunje kwa ncha ya kisu. Mashine haitakubali tena kurekodi juu yake. Ni kazi ya sekunde tano na mimi sikuijua. Kisha andika jina, mahali na mwaka, juu ya kaseti yenyewe na siyo juu ya kasha, maana makasha hubadilishana. Kama unaishi pwani angalia ukungu mweupe kwenye utepe; ukiuona usiicheze kwenye radio yoyote, mpelekee mtu anayejua kusafisha. Kama ni nzima, icheze mara moja tu kwenye mashine nzuri na uihamishie kwenye kompyuta, halafu nakala ya pili uiweke kwenye nyumba nyingine, kwa ndugu mwingine. Simu huibwa. Na ukiituma kwa WhatsApp itume kama dokumenti, siyo kama ujumbe wa sauti, la sivyo utapokea sauti iliyokatwa mbawa.

Baada ya hapo nililipenda gitaa la mjomba kupita kiasi, na kupenda huko hakukulisaidia. Mwaka 2001 nilihamishiwa Dodoma. Hakuna aliyeniambia kwamba gitaa lililozoea unyevu wa Dar, likipelekwa mahali pakavu namna ile wakati wa kiangazi, mbao zake hunywea. Nililiweka juu ya kabati, karibu na bati. Mwezi Agosti nikasikia mlio usiku, kama mtu amevunja kijiti. Asubuhi nikakuta ufa umepita tumboni, kutoka kwenye tundu la sauti mpaka ukingoni.

Dawa ya jambo hilo ni ndogo ya kutia uchungu: gitaa likae ndani ya kasha lake, na ndani ya kasha kuwe na kitambaa au sponji yenye unyevu ndani ya kopo lililotobolewa, isiguse mbao. Basi. Ukiwa Tanga au Zanzibar tatizo ni kinyume, nyuzi hushika kutu na gundi hulegea, kwa hiyo futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga. Na popote ulipo usiache gitaa ndani ya gari lililoegeshwa juani wala kwenye buti la basi la safari ndefu. Joto hulainisha gundi, na nyuzi zilizokazwa hufanya yaliyobaki. Likisafiri lisafiri nawe, nyuzi zimelegezwa kidogo.

Nililipeleka kwa seremala. Alikuwa seremala mzuri wa vitanda, na kosa halikuwa lake, mimi ndiye niliyempa kazi isiyo yake. Aliupiga ufa skrubu nne, akaujaza gundi nene, kisha kwa nia njema kabisa akalipaka gitaa zima vanishi mikono mitatu. Lilirudi liking'aa. Nilipolipiga, sauti ilikuwa ya meza. Tumbo la gitaa ni ubao mwembamba unaotakiwa kutetemeka. Ukilitia uzito unalizima. Sikulia mbele yake. Nilimlipa shilingi 15,000, nikalibeba mpaka nyumbani, nikaliweka nyuma ya mlango, na kwa miaka minane sikupiga gitaa lolote.

Waliokuwa wanapiga na kuacha watanielewa. Huachi kwa siku moja. Kucha za kulia zinakatwa, ngozi ngumu ya vidole vya kushoto inalainika, na siku moja unasalimiana na mtu unagundua mkono wako umekuwa wa karani.

Nilirudi mwaka 2009, nikiwa Dar tena, baada ya kusikia kwenye baa moja ya Kinondoni bendi ya wazee ikipiga zilipendwa. Nilikuwa na miaka 43 na mshahara wa uhakika, na hiyo ni hali ya hatari. Mwezi huo huo nilinunua gitaa la mtumba kwa shilingi 180,000. Lilikuwa zuri, la nyuzi za nailoni, la kutoka Hispania. Mimi nilitaka ule mlio wa chuma wa galatoni, nikanunua nyuzi za chuma, nikazifunga, nikatyuni. Wiki ya pili, tukiwa mezani, ukatokea mshindo chumbani. Briji, kile kibao kilichobandikwa tumboni ambako nyuzi hufungwa, ilikuwa imeng'oka na ngozi ya mbao.

Seti ya nyuzi nyepesi za chuma huvuta kwa nguvu ya kama kilo 70. Seti ya nailoni ni kama kilo 40. Gitaa la nailoni limejengwa kwa hizo 40. Kulitambua ni rahisi: shingo yake ni pana, kichwa chake kina mifereji miwili iliyotobolewa, na nyuzi hufungwa fundo kwenye briji badala ya kushikwa na pini. Muuzaji hatakwambia, mara nyingi naye hajui.

Na kwa kuwa tumefika kwenye kununua: mtumba usikuogopeshe, magitaa mengi mazuri niliyoyashika yalikuwa ya mtumba. Lishike kama bunduki, uangalie shingo kwa jicho moja kutoka kichwani. Ukiona limepinda kama upinde na halina chuma cha kunyooshea ndani ya shingo, liache. Kisha piga uzi ukiwa umebonyeza freti ya 12, ile nafasi ya 12 shingoni ukihesabu kutoka kichwani, halafu piga uzi huo huo ukiugusa tu juu ya chuma cha freti hiyo bila kubonyeza. Sauti hizo mbili lazima zikubaliane. Zikitofautiana, ni vigumu kulityuni gitaa hilo likakutii, hata liwe limeandikwa jina gani kichwani. Kipimo hicho kingeniokoa kwenye gitaa la umeme nililolinunua mwaka uliofuata kwa 420,000 kwa sababu ya rangi yake nyekundu.

Amplifaya nayo nilinunua, ya mtumba kutoka Japani, 350,000. Nikaichomeka ukutani. Iliwaka taa, ikatoa harufu, ikazima, muda mfupi kuliko ninaoutumia kukusimulia. Umeme wa Japani ni volti 100. Wetu ni 230. Maandishi yalikuwa nyuma ya chombo, madogo lakini yanasomeka. Transfoma ya kushusha umeme ingenigharimu chini ya robo ya bei ile. Mama watoto alinitazama akasema, "Hesabu za ofisini kwenu nani anazipiga?" Nikamwomba radhi, maana fedha zile tulikuwa tumezipangia bati za nyumba ya Kibaha.

Lakini vyombo ni vyombo, huharibika na kununuliwa vingine. Kosa kubwa la miaka ile lilikuwa la sikio. Nilitaka solo, kama nilivyoitaka nikiwa na miaka tisa. Nilikesha na simu, nikirudisha nyuma sekunde tatu tatu, nikinakili kila noti ya juu ya nyimbo za Super Volcano, za Simba Wanyika, za Mlimani Park. Usiku mmoja nilikata nyuzi tatu kwa sababu wimbo ulikaa katikati ya noti mbili, nami nikawa nakaza gitaa kuufuata. Sikujua kwamba nyimbo hizi nyingi zimehamishwa kutoka kwenye kaseti, na kaseti ilikwenda kwa mwendo wa mashine iliyoirekodi. Sisi tuliokua na betri za kuanika juani tulipaswa kukumbuka: betri zikichoka, mwimbaji alipunguza mwendo na sauti ikawa nzito kama ya jini. Usiufuate wimbo kwa kukaza gitaa. Tyuni gitaa lako sawasawa, kisha tumia programu ya simu kupandisha au kushusha wimbo mpaka uje ulipo wewe.

Baada ya miaka mitatu nilikuwa na solo kama thelathini kichwani, na peke yangu hazikuwa muziki. Zilikuwa kama mtu anayejibu maswali ambayo hayajaulizwa.

Rafiki yangu mmoja alinipeleka Mbagala kwa mzee aliyewahi kupiga bendi mbalimbali za Dar miaka ya sabini na themanini, pamoja na wanamuziki wa Kongo waliojaa mjini wakati ule. Nilifanya kosa mlangoni. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, nikaketi, nikaweka simu mezani ikiwa tayari inarekodi. Akaitazama, akafunga mdomo. Tulikunywa chai, tukazungumza habari za maji na barabara, nikaondoka. Wazee hawa wamesikia nyimbo zao zikipigwa redioni miaka na miaka bila kuona kitu mkononi, na kila anayekuja na mashine wameshamjua. Nilirudi wiki iliyofuata bila simu, nikamwomba radhi, nikamweleza ninachotaka, na tukakubaliana malipo kabla ya lolote: 20,000 kila Jumamosi, ndani ya bahasha, mwanzoni na siyo mwishoni. Ruhusa ya kurekodi alinipa mwenyewe mwezi wa tatu. Ukienda kwa mzee wa muziki, nenda hivyo.

Siku ya kwanza ya mafunzo hakunipa gitaa. Alinipa kupiga makofi huku yeye akipiga gitaa la kati, na kila mara nilipokuwa naye sawa alinisimamisha. "Usinifuate. Nikanyage ninapoinua mguu." Ilinichukua Jumamosi mbili kulielewa hilo kwa mwili. Muziki wetu wa dansi haukujengwa kwa mmoja mbele na wengine nyuma. Solo inaacha nafasi, solo ya pili inaingia kwenye nafasi hiyo, gitaa la kati linashona katikati yao bila kulala, na besi, gitaa zito, linanyamaza mahali ambapo mtu mwingine angelipiga. Wimbo ukifika kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho inayochangamka, ndipo unaona ushonaji wenyewe. Alinisikilizisha "Sina Makosa" ya Les Wanyika, ambayo nilidhani naijua, akaniambia nimsahau mwimbaji kabisa, nifuate gitaa la Omar Shabani na besi ya Tom Malanga kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Niliisikia kwa mara ya kwanza siku ile, nikiwa mtu wa miaka 46 niliyeicheza kwenye harusi zisizo na idadi.

Alinifungulia na fumbo lililonisumbua tangu ujana. Kuna mlio fulani kwenye nyimbo za Kongo, mwembamba, unaokimbia kati ya solo na gitaa la kati, ambao vidole vyangu havikuupata popote. Akachukua gitaa langu, akaondoa uzi wa nne, ule wa D, akafunga mahali pake uzi mwembamba kama wa kwanza, akaukaza oktavo moja juu, yaani noti ile ile lakini ya juu zaidi. Akapiga kodi, zile noti zinazopigwa pamoja, ile ile niliyokuwa nikiipiga. Mlio ukatoka. Baadhi ya wapigaji wa mi-solo, lile gitaa linalokaa kati ya solo na gitaa la kati, walifanya hivyo. Mimi nilikuwa nimetafuta kwa miaka kwenye vidole kitu kilichokuwa kwenye uzi.

Jumamosi moja, yeye akiwa anatafuta miwani, nilikuwa nimeshika gitaa bila kufikiri na vidole vikaenda vyenyewe kwenye mzunguko wa mjomba. Mzee akasimama. "Hiyo umeitoa wapi?" Nikamwambia ni kitu cha mjomba wangu, alikitunga mwenyewe. "Hakukitunga," akasema kwa upole, akavuta kiti, akachukua gitaa la pili. "Piga. Usiache."

Nikapiga. Akaingia juu yangu na solo ya wimbo mmoja wa bendi za Morogoro wa miaka ile, wimbo ninaoujua tangu utoto, ambao solo yake niliinakili kwa usiku kadhaa na ikakataa kukaa. Ikakaa. Kila noti yake iliangukia kwenye pengo ambalo mjomba alinipigisha mwaka mzima bila kuniambia la nini. Macho yalijaa, nikaendelea kupiga kwa sababu nilikuwa nimeambiwa nisiache.

Tunapiga wimbo huo mpaka leo, kila Jumamosi afya yake ikiruhusu. Ninarekodi, ninaandika tarehe, nakala moja inakwenda kwa mwanangu Mwanza. Kuna mahali pamoja tu panatushinda. Katikati ya mzunguko, kabla ya chemko, mjomba alikuwa akigeuka, anatoka kwenye nyuzi tatu anakwenda mahali pengine, mapigo manne au matano hivi, halafu anarudi. Nakumbuka kwamba aligeuka. Nakumbuka hata bega lake lilivyoinuka. Noti sizikumbuki. Mzee amejaribu njia kama sita, zote nzuri, na kila moja nikiisikia najua siyo hiyo.

Ilikuwa kwenye ile kaseti.